Chembe Zinazoipa Mionzi Makali

Watu wa Arua na Koboko, hii ni habari ya kuisimamishia bodaboda kando ya barabara! Kuna dawa ya saratani inayoitwa NBTXR3, kazi ya kampuni ya Nanobiotix ya Paris, na tangu nianze kusoma habari zake siwezi kunyamaza.

Ni chembe za hafniamu oksaidi, kila moja na upana wa nanomita 50 hivi. Daktari huzidunga ndani ya uvimbe wenyewe, mara moja tu, kabla ya mionzi kuanza. Basi! Hubaki humo wiki zote za tiba, zimetulia, mpaka mionzi ije. Hapo ndipo utamu ulipo. Atomi ya hafniamu ina protoni 72, kwa hiyo hunasa mionzi kuliko nyama ya mwili inavyoweza, kisha humwaga elektroni palepale, na elektroni hizo huikatakata DNA ya saratani. Mashine ni ileile, dozi ni ileile, lakini kipigo kinachoipata saratani ni kikubwa zaidi. Nani asisisimke?

Tena imeshajaribiwa kwa watu. Mwaka 2019 jarida la Lancet Oncology lilichapisha jaribio la wagonjwa 180 wa sarkoma ya tishu laini. Waliopigwa mionzi peke yake, asilimia 8 ndio waliobakiwa na chini ya asilimia 5 ya seli hai za saratani kwenye uvimbe. Waliodungwa chembe kwanza: 16. Mara mbili! Ndiyo, wengi bado hawakufikia hapo, lakini Ulaya iliiruhusu kwa sarkoma mwaka huohuo.

Kuna na njia ya pili, chembe zinazobeba dawa. Tangu 1999 inajulikana kwamba dawa ya cisplatin ikienda pamoja na mionzi huokoa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi; ubaya wake huumiza figo. Watafiti wanaifungia kwenye vifuko vidogo mno vya mafuta ili ielekee zaidi kwenye uvimbe. Vifuko kama hivyo vyenye doksorubisini viliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa ajili ya Kaposi, saratani tunayoijua sana Uganda.

Kwetu West Nile jambo hili lina uzito wake. Kwa miaka mingi mionzi tumeifuata Mulago, Kampala, karibu kilomita 500 kutoka Arua, na wa Koboko anaongeza zaidi ya 50. Ni wiki kadhaa za nauli, malazi na chakula cha anayemuuguza. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya kobalti ya huko ilipokufa, mpya haikuzinduliwa mpaka Januari 2018. Mtu aliyesafiri hivyo anastahili kila mwale umfanyie kazi mara mbili.

Wala sisi si wageni wa sayansi hii. Dkt. Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva, hapa karibu na Arua, alisafiri na daktari wa upasuaji Denis Burkitt mwaka 1961 kufuatilia uvimbe wa taya za watoto mpaka kusini mwa Afrika, na takwimu za West Nile zikasomwa duniani.

Mgonjwa yeyote asiahirishe mionzi ya leo akiisubiri dawa hii. Nanyi wa Taasisi ya Saratani ya Uganda, majaribio ya chembe hizi yakija Afrika Mashariki, tafadhali waandikisheni na wagonjwa wa Arua na Koboko.