Heko kwa Bibi wa Plaza de Mayo

Katika jumuiya zilizozaliwa na dhiki ya karne ya 20, sijui iliyostahiki taadhima kuliko ile ya Bibi wa Plaza de Mayo wa Buenos Aires. Majemadari walipotwaa serikali ya Argentina mwezi wa Machi 1976, wakawa wakiteka raia na kuwatowesha, akina mama wa waliotoweka walianza, tarehe 30 Aprili 1977, kukusanyika katika uwanja wa Plaza de Mayo, mbele ya ikulu. Na kwa kuwa amri ilikataza watu kusimama makundi, wakatembea, hatimaye wamejifunga vitambaa vyeupe kichwani. Azucena Villaflor, kiongozi wao, alitekwa Desemba ya mwaka huo huo, akauawa; wenzake hawakurudi nyuma.

Miongoni mwao walikuwako ambao binti zao walitekwa wakiwa waja wazito, na watoto waliozaliwa vizuizini wakapewa watu wengine, wengi wao maswahiba wa watawala. Hao, walimu na mama wa nyumbani, ndio Bibi wa Plaza de Mayo; wakavuka bahari kuwauliza wataalamu: je, damu ya bibi yaweza kumthibitisha mjukuu ikiwa wazazi hawapo? Mwanamke wa Marekani, Mary-Claire King, akaitika, akatumia ile sehemu ya urithi wa mwili ambayo mtoto huipata kwa mama peke yake, na mama kwa mamaye. Nani angedhani kwamba ushahidi wa kuwafedhehesha madhalimu ungehifadhika katika nasaba ya kike! Mwaka 1987 dola ikaasisi hazina ya taarifa za damu za jamaa hao, na wajukuu zaidi ya 130 wamekwisha kutambuliwa, wengi wakiwa watu wazima; wengine wangali wakitafutwa.