Mizani ya Mwili: Uhakiki wa Istilahi za Uvimbe wa Neva ya Sikio

Istilahi njema hupimwa kwa kazi inayoifanya kinywani mwa mtumishi na sikioni mwa mwananchi. Hapa tutazihakiki istilahi chache za ugonjwa mmoja wa nadra, ambazo tabibu wa Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, hulazimika kuzieleza pindi mgonjwa arejeapo Mpanda kutoka Dar es Salaam alikopasuliwa.

Kwanza, jina lenyewe. Kwa miaka mingi wataalamu wa Magharibi waliuita ugonjwa huu uvimbe wa neva ya kusikia. Jina hilo lilikosea mara mbili. Aghalabu uvimbe huanzia katika lile tawi la neva ya nane ya kichwa linalouwezesha mwili kusimama imara, wala si tawi la kusikia. Tena hutokana na seli za Schwann ziifunikazo neva, si neva yenyewe. Mwaka 1991 mkutano wa wataalamu nchini Marekani ulipendekeza jina ambalo kwetu lingekuwa shwanoma ya vestibuli. Wafasiri wetu wasirithi kosa ambalo wenyewe wamekwisha kuliacha. Kadhalika, aandikaye "saratani ya mshipa wa sikio" huwatisha watu bure, kwani kwa kawaida uvimbe huu si saratani, na mshipa huweza kudhaniwa kuwa wa damu. Neno neva limezoeleka, litumike.

Pili, kizunguzungu. Neno hili limetwikwa mzigo mkubwa mno: mwenye njaa, mwenye upungufu wa damu, aonaye nyumba ikizunguka na apepesukaye, wote wanalo. Baada ya upasuaji, neva ya upande mmoja ikiwa imekatwa, mgonjwa huona dunia ikizunguka kwa siku kadhaa. Kisha ubongo hujifunza polepole kutegemea sikio la pili, macho na hisia za miguu. Funzo hilo huja kwa kutembea na kugeuza kichwa, si kwa kulala. Mgonjwa aambiwaye tu kwamba ana kizunguzungu hujilaza, maana ndivyo tulivyozoea. Hivyo neno humchelewesha kupona. Twapendekeza kisunzi kwa dunia kuzunguka, na kuyumba kwa kukosa uthabiti. Kizunguzungu libaki neno la jumla.

Tatu, jina la uwezo huo wa kusimama bila ya kuanguka. Usawa ni neno la haki za watu tangu siku za Azimio la Arusha la mwaka 1967. Urari ni mali ya wahasibu, na uwiano ni wa hesabu. Mizani ya mwili ndiyo bora. Kweli, washairi nao wana mizani yao, lakini muktadha hutenganisha. Isitoshe, kila aliyeiona mizani ya sahani mbili anajua kwamba upande mmoja ukipunguzwa, wa pili huelemea. Na hivyo ndivyo itokeavyo neva moja ikikatwa.

Mrina asali wa Inyonga apandaye mti usiku, na mvuvi wa Karema apigaye mbizi ziwani, hufanya kazi mahali ambapo macho au miguu haimsaidii mtu. Wakiambiwa "uwiano wako umepungua", hawataambulia kitu. Wakiambiwa "mizani ya mwili wako imeelemea, gizani na majini utayumba", watajihadhari. Basi wafasiri, walimu na matabibu wayajaribu maneno haya kazini, na wenye mapendekezo bora zaidi wayalete yajadiliwe.