Kuusifu Mgongo wa Filamu

Piga picha ya taa ya barabarani usiku kwa filamu ya nyeusi na nyeupe, kisha uitazame negativu yake kwa lenzi ya kukuzia. Ukiona ukingo wa taa ni mkali, na giza lililoizunguka limebaki giza, ujue yuko fundi aliyekufanyia kazi ambayo hukumwagiza. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu.

Filamu huzungumzwa kwa upande wake wa mbele: kasi yake, chembe zake, weusi wake. Mgongo hausemwi. Tabaka la dawa, yaani gelatini yenye chembe za chumvi za fedha, hupakwa juu ya plastiki, na mwanga hauishii wote humo. Sehemu yake hupenya hadi mgongoni mwa plastiki. Ule unaofika umeinama sana hushindwa kutokea hewani. Hugeuzwa na kurudi juu, na haurudi pale ulipoingilia. Huangukia kando, ukaizungushia taa duara la weupe ambalo barabarani halikuwapo. Kwenye plastiki ya unene wa milimita 0.125, duara hilo hukaa karibu robo ya milimita kutoka nukta ya mwanga. Ikuze picha mara kumi, na pengo hilo linapita milimita mbili. Hapo jicho haliwezi kudanganywa.

Mafundi wa zama za vioo waliujua ugonjwa huu. Walipaka mgongo wa kioo rangi nyeusi au sukari iliyounguzwa, ili mwanga ufike huko umezwe. Kazi ya baada yao imekuwa kulipata giza hilo bila kuiharibu negativu, ambayo lazima ipitishe mwanga siku ya kuchapa picha.

Itazame HP5 Plus ya Ilford, iliyotoka 1989. Jina ni moja, migongo ni mitatu. Ile ya milimita 35 imepakwa juu ya asetati yenye rangi ya kijivu. Werevu wake unanipendeza mno: mwanga unaochora picha hupokewa na dawa kabla ya kuigusa plastiki, kwa hiyo haupungui. Mwanga unaotaka kurudi hulipa ushuru mara mbili, wakati wa kushuka na wakati wa kupanda, na njia yake ni ya mshazari, ndefu zaidi. Mwanga wa kuchapia hulipa mara moja tu. Kijivu hicho hicho huzuia pia mwanga usiteleze ndani ya plastiki kutoka kwenye ncha ya filamu iliyochomoza nje ya kopo lake.

HP5 Plus ya roli imewekwa juu ya asetati angavu ya milimita 0.110, na ile ya vipande vikubwa juu ya poliesta ya milimita 0.180. Hizi mbili zimepakwa mgongoni rangi ambayo huondoka filamu inaposafishwa. Mwenye kusafisha roli ya Fomapan 100, kazi ya kiwanda cha Foma cha Hradec Králové, Jamhuri ya Cheki, huiona rangi ya namna hiyo kwa macho: maji ya kulowekea humwagika yakiwa ya kijani. Kinachomwagika hapo kimeshamaliza utumishi wake.

Upo mtawanyiko mwingine ambao mgongo hauwezi kuuzuia, ule wa ndani ya dawa, mwanga unapogonga chembe moja na kurukia jirani yake. Dawa ikiwa nene, mwanga huzurura. Mwaka 1986 Kodak walileta T-Max, filamu ambayo chembe zake ni bapa na zimelala zikielekeza uso kwenye lenzi. Ilford nao wakafuata na Delta. Ukali wa kingo za filamu hizo umetokana na umbo la kitu kisichoonekana bila hadubini.

Kodak hao hao waliwahi kutengeneza filamu ya infraredi, HIE, isiyo na tabaka la kuzuia mwanga unaorudi. Ilibidi ipakiwe kwenye kamera katika giza totoro, na picha zake zilivuka mipaka ya vitu: nyuso, mawingu na majani vilizungukwa na ung'avu laini. Mwaka 2007 kampuni ilitangaza kuiacha, na waliopenda ung'avu ule bado wanaulilia. Nawaelewa. Uzuri ule ulikuwa wa kweli, nao ulitokana na uamuzi wa kiwandani kama ulivyotokana nao ukali wa HP5 Plus.

Basi anayeniuliza filamu ipi ni bora, namuuliza mwanga mkali utakaa wapi katika picha yake. Kama ni dirisha nyuma ya mtu, au taa za bandarini usiku, asome kwanza filamu yake imejengwaje mgongoni, ndipo asome kasi. Mpiga picha anayelijua hilo huamua mwenyewe mwanga ukome wapi, na heshima ya uamuzi huo anagawana na watu wa kiwandani waliomwekea mpaka.