Tegu na Kifuko Chake: Uhakiki wa Istilahi za Minyoo Bapa

Miongoni mwa istilahi za afya zinazopita mikononi mwa wafasiri wetu, zile za minyoo zimekaa muda mrefu bila ya kuangaliwa vizuri. Sababu yake si ngumu kuiona: kila mtu anadhani anazijua. Mchango, safura na tegu ni maneno ya nyumbani, wala hayamtishi mfasiri kama yanavyomtisha majina ya kemikali. Lakini neno lililozoeleka, likitumiwa ovyo, laweza kudhuru kuliko neno geni, kwa kuwa msomaji halishuku.

Tuanze na jina lenyewe. Wapo waandikao "mchango" kila wakutanapo na mnyoo wa tumboni. Yafaa neno hilo liachiwe mnyoo wa mviringo. Tegu ni bapa, naye ameungwa kwa pingili, kila pingili iliyopevuka ikiwa imejaa mayai. Neno "pingili" tunalisifu bila kusita: aliyelichukua kutoka kwenye muwa alimpa mwalimu picha nzima darasani, hata namna pingili za mwisho zinavyokatika na kutoka pamoja na kinyesi.

Tatizo kubwa limo katika sentensi ya namna hii, ambayo tumeikuta mara nyingi katika vijarida vya afya: "Ugonjwa wa tegu wa nguruwe huambukizwa kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva." Sarufi yake haina kasoro. Kasoro ni kwamba jina moja limebebeshwa magonjwa mawili, na njia ya kuambukizwa iliyotajwa ni ya ugonjwa mmoja tu.

Tegu huyu, kwa jina la kisayansi Taenia solium, hupevuka ndani ya utumbo wa binadamu peke yake. Nguruwe hana tegu tumboni; nguruwe hula mayai yaliyomo katika kinyesi cha mtu, kisha mayai hayo huanguliwa na kuwa vifuko vidogo vyenye maji katika misuli yake. Mtu alaye nyama yenye vifuko hivyo bila kuiva hupata tegu tumboni. Huo ni ugonjwa wa kwanza, nao mara nyingi si mzito. Lakini mtu akimeza mayai, kwa chakula, maji au mikono iliyochafuka, hupatwa na yaleyale yaliyompata nguruwe: vifuko humwota mwilini, na vikiota katika ubongo huweza kuleta kifafa. Huo ni ugonjwa wa pili, na ndio unaoua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa katika maeneo mengi ambako watu huishi karibu na nguruwe wanaozurura, tegu huyu ndiye chanzo cha asilimia 30 ya kifafa.

Basi sentensi tuliyoitaja humfundisha nini msomaji? Humfundisha kuwa asiyekula nguruwe yu salama. Hilo si kweli. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walichapisha habari za watu wanne wa jamii ya Wayahudi washika dini mjini New York, wasiogusa nyama ya nguruwe, waliokutwa na vifuko katika ubongo. Uchunguzi uliwaelekeza kwa wafanyakazi wa nyumbani waliotoka nchi zenye ugonjwa huo. Tegu aliyemo tumboni mwa mpishi ni hatari kwa nyumba nzima, na jina "tegu wa nguruwe" linaificha hatari hiyo kwa kumsingizia mnyama.

Neno la pili la kuhakikiwa ni "buu". Wafasiri wengine huliita buu umbo lile changa lililomo katika nyama. Mama wa nyumbani aambiwapo atazame mabuu hutafuta kitu kinachotambaa, kama kile cha nzi. Asipokiona, huitia nyama chunguni kwa moyo mkunjufu. Kinachopaswa kutafutwa hakitambai. Ni kifuko cheupe, kadiri ya punje ya mchele au ya mbaazi.

La tatu ni "mwenyeji wa mwisho", tafsiri itumiwayo kwa kiumbe ambamo kimelea hupevuka. Neno "mwisho" limepotosha wengi. Tuchukue tegu wa mbwa, Echinococcus granulosus, ambaye Turkana nchini Kenya inafahamika sana kwa ugonjwa wake. Tegu mpevu hukaa katika utumbo wa mbwa. Vifuko hukua katika kondoo, mbuzi na ngamia, na hata katika ini na mapafu ya mtu. Kwa kawaida safari ya kimelea hukoma kwa mtu huyo, kwa kuwa mbwa hali mzoga wake. Mwanafunzi akiulizwa mwenyeji wa mwisho ni nani, atajibu kuwa ni mtu, na kwa Kiswahili hajakosea! Kosa ni la istilahi. Na kwa kuwa tegu huyo mpevu ana urefu wa milimita chache tu, fasili isemayo kuwa tegu ni "mnyoo mrefu" nayo haifai kuendelea kutumika.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Neno "tegu" litumike kwa mnyoo mpevu aliyemo utumboni, nalo lifuate upatanisho wa viumbe: tegu huyu, tegu hawa. "Kifuko cha tegu" kiwe jina la umbo lililomo katika nyama au katika kiungo. "Ugonjwa wa tegu" na "ugonjwa wa vifuko vya tegu" yawe majina mawili, wala lisitumike moja kwa maana ya jingine. Mahali pa "mwenyeji wa mwisho" tuseme "mwenyeji wa upevu", na yule ambamo vifuko hukua aitwe "mwenyeji wa makuzi".

Si nia yetu kuwalaumu wafasiri, ambao aghalabu hupewa siku mbili kwa kazi ya wiki mbili. Lakini kabla ya kuandika "huambukizwa kwa kula nyama", na ajiulize mfasiri: ni nyama, au ni mayai? Mgonjwa wa kifafa anayesoma kijarida hicho kijijini anastahili jibu lililo sahihi. Wasomaji wenye majina mengine yatumikayo kwao tunawaomba wayalete, yapimwe pamoja na haya.