Mvua Iliyo Ndani ya Muhogo

Mwezi wa Mei, Mombasa, mvua haipigi hodi. Unaiona imesimama baharini kama pazia la kijivu, na kabla hujamaliza kusema "hiyo yaja", imeshafika barabarani. Pale Mama Ngina, ukingoni mwa bahari, waliokuja kupunga upepo hukimbilia magarini, na wauza madafu hujibanza chini ya mibuyu. Mama mmoja mchoma mihogo habanduki. Hushusha ukingo wa turubai lake, akalisogeza jiko hatua mbili kwa vishikio vyake, akaketi tena kwenye kigoda. Moto wake hauzimiki.

Nimekula mihogo yake kiangazi na masika, na nimekuja kuamini kwamba kiangazi hakimpimi mchomaji. Jua likiwaka, makaa huwaka yenyewe na hata mimi naweza kujiita fundi. Siku ya mvua ndiyo humtenga anayejua na anayebahatisha. Na kwa kumtazama sana nimegundua kwamba mvua inayomiminika juu ya turubai haimsumbui. Hiyo anaiona, na dawa yake ni turubai. Anayoshughulika nayo ni ile iliyokwisha kuingia ndani ya vitu: ndani ya makaa, ndani ya udongo wa jiko, ndani ya muhogo wenyewe.

Huanza na makaa. Gunia hubaki nyumbani. Ya kazi ya siku huja nayo kwenye ndoo yenye kifuniko, na kabla ya kuyapanga huchukua vipande viwili akavigonganisha karibu na sikio. Kaa kavu hulia kama kigae. Lililonyonya unyevu hutoa sauti ya kufa, kama ubao uliooza. Hilo halitupi, ila haliweki katikati. Huliegemeza ukingoni mwa jiko, lijikaushe kwa joto la wenzake. Ukilitia motoni vivyo hivyo litafuka moshi, kisha litapasuka na kurusha cheche hadi kwenye leso ya mpishi. Moto wa kwanza huwasha kwa vifuu vya nazi, ambavyo hata masika hushika upesi.

Kisha jiko. Mama zetu walipikia seredani ya bati tupu, joto likatokea ubavuni na kuwaunguza miguu badala ya kuivisha chungu. Hili la udongo lina historia fupi. Lilichipuka Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ule ule ambapo Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake wa nishati mpya mjini humo, Agosti 1981. Wazo lilitokana na jiko la ndoo la Thailand, na mafundi bati wa Shauri Moyo wakalipa umbo tunalolijua: pana juu, pana chini, limebanwa kiunoni. Udongo hukaa nusu ya juu peke yake, umeshikizwa kwa saruji, na sakafu yake ina matundu ya kupitisha hewa na kudondosha jivu. Kiuno kile si urembo. Bati likipata moto hutanuka kuliko udongo; vikibanana pande zote, udongo hupasuka. Katika umbo hili udongo umeketi kama kikombe kwenye kisahani, na jiko hudumu.

Ila udongo hunywa maji. Nililijua hilo kwa hasara yangu mwenyewe. Mwaka mmoja nililisahau jiko langu uani usiku kucha, mvua ikalinyea. Asubuhi nikalijaza makaa hadi pomoni, nikapepea kwa nguvu zangu zote. Haikuchukua muda nikasikia "ta!", na ufa ukashuka kutoka mdomoni hadi kwenye matundu. Maji yaliyokuwa ndani ya udongo yaligeuka mvuke kabla hayajapata njia ya kutoka, nayo yakaitafuta yenyewe.

Nilipomhadithia yule mama alicheka hadi akashika mbavu. "Umelikurupusha, mwanangu. Jiko lililolowa ni kama mgonjwa. Humwamshi kwa kofi."

Yeye huliamsha kwa makaa matano au sita tu, mlango wa jiko ukiwa wazi kidole kimoja, na kwa muda mrefu hapiki chochote. Huweka kiganja karibu na ubavu wa bati. Joto likifika nje taratibu na kwa usawa, anajua udongo umekauka. Hapo ndipo huongeza makaa. Kuanzia hapo udongo wenyewe unakuwa mshirika wake: umehifadhi joto, na upepo wa ghafla hauwezi kuliiba lote kwa mpigo.

Upepo nao ni somo. Mei ni mwezi wa kusi, na pale Mama Ngina kusi huja moja kwa moja kutoka baharini. Mlango wa jiko ukiukabili, makaa huteketea kabla ya kazi. Ukiupa kisogo, moto hudorora. Yeye huuelekeza ubavuni, na kusi ikibadilika kidogo hulizungusha jiko kidogo. Kipepeo chake hutumika kwa nadra kuliko nilivyodhani.

Mtu atauliza kwa nini asihamie kwenye chumba fulani akafunga mlango. Hilo haliwezekani. Makaa yakiwaka penye hewa finyu hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo imeshaua watu waliolala na jiko chumbani ili wapate joto. Basi jiko hubaki nje, na mvua nje, na ufundi uko katikati yao.

Unabaki muhogo, na huo ndio mgumu zaidi. Mvua zikianza, shina huchipua majani mapya, na chakula cha majani hayo hutolewa kwenye wanga uliowekwa chini. Kwa hiyo muhogo wa masika mara nyingi huwa na maji mengi na unga kidogo. Tena hauna subira: ukishang'olewa, siku mbili tatu tu huanza kupiga mistari ya bluu na nyeusi ndani. Yeye hununua wa siku hiyo hiyo, hasa Kibandameno, aina ya Pwani inayopendwa kwa utamu wake, na huukata ncha mbele ya muuzaji. Ukivunjika kwa mlio na kuonyesha weupe mkavu, anachukua. Ukipinda kwanza, anaurudisha bila maneno.

Huumenya, akaupasua kwa urefu, akaulaza pembeni mwa wavu ambako moto ni hafifu. Kiangazi angeuweka katikati mara moja. Sasa anangoja. Ncha zilizokatwa huanza kutoa povu jeupe na kulia kwa sauti nyembamba. Muda wote huo moto kazi yake ni kuchemsha maji, na maji hayapandi zaidi ya nyuzi 100. Muhogo hauwezi kupata rangi wala harufu hadi yatoke. Wengi hushindwa hapa: huusogeza katikati, nje ukaungua na ndani ukabaki kama sabuni. Yeye hugeuza kwa ncha za vidole, husikiliza, hugeuza tena. Povu likikauka na mlio ukakatika, ndipo huusukuma kwenye makaa makali. Kwa dakika chache unapata madoa ya kahawia, na harufu inawatoa watu chini ya mibuyu.

Nilimuuliza siku moja kwa nini hapumziki siku za mvua kubwa.

"Jua likiwaka wanataka madafu," akasema. "Mvua ikinyesha wananitaka mimi."

Akaupasua wangu kwa kisu, akapaka ndimu, chumvi na pilipili ya kusaga, akanipa kwenye kipande cha gazeti. Nikaumega. Mvuke ukapanda, na ndani ulikuwa mweupe, mkavu, wa unga unaomeguka kama keki, huku matone yakidondoka kutoka ukingo wa turubai na kunishukia shingoni.