Ujana Usio na Dira: Kuisoma Verdens verste menneske kutoka Arua na Koboko

Makala hii inahakiki filamu ya Kinorwe Verdens verste menneske (2021), yaani "mtu mbaya kuliko wote duniani", iliyoongozwa na Joachim Trier. Swali letu ni hili: je, Kiswahili kinaweza kuwasimulia watazamaji wa Arua na Koboko futuhi ya mapenzi kuhusu kijana asiye na dira?

Julie, anayeigizwa na Renate Reinsve, anakaribia umri wa miaka 30. Ameacha udaktari akaingia saikolojia, akaacha saikolojia akashika kamera. Anaishi na Aksel, mchoraji wa katuni aliyemzidi umri, kisha anamwacha kwa ajili ya Eivind, muuza kahawa. Masimulizi yana utangulizi, sura 12 na tamati. Mgawanyo huo una kejeli ndani yake: sura zinaahidi hatua, ilhali mhusika hasongi mbele.

Ubora wa filamu ni kutomhukumu Julie. Katika Vuta N'Kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka uo huo iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, Yasmin naye anamkimbia mume aliyemzidi umri, lakini harakati za ukombozi wa Zanzibar zinamfungulia njia. Julie hana harakati za kumbeba.

Sarufi ya Kiswahili sanifu inatusaidia kulitaja tatizo lake. "Hajaamua" si sawa na "hakuamua": kauli ya kwanza inakanusha huku ikiacha mlango wazi. Julie anaishi ndani ya "hajaamua", na humo ndimo kicheko na uchungu vinamozaliwa. Udhaifu wa Trier ni kuufunga mlango huo kwa niaba yake. Mimba inaharibika kabla Julie hajaamua, na ni saratani ya Aksel inayomfunza uzito wa wakati. Filamu inayohusu uchaguzi inamwondolea mhusika wake uchaguzi mgumu kuliko yote.

Kwa Nile Magharibi, mbinu yenye manufaa zaidi ni msimulizi. Sauti ya mwanamke asiyeonekana inaeleza mambo ya Julie, na pengine inatamka maneno yake sambamba naye. Watazamaji wa vibanda vya video nchini Uganda wanaifahamu kazi inayokaribiana na hiyo kupitia VJ, anayefasiri filamu papo hapo huku akitia mizaha yake. Kwa hiyo, njia ya kuipokea futuhi hii ipo tayari. Kinachokosekana ni rejista.

Hapo sera inahusika. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kiwe somo la lazima shuleni. Hata hivyo, Waganda wengi wangali wanakihusisha na kambi za jeshi, na katika mipaka ya Kongo na Sudan Kusini kinahusishwa na biashara. Lugha inayojulikana kwa amri na bei inahitaji pia kujulikana kwa kubembeleza, kusita na kujicheka. Mtihani pekee hautaleta hayo. Tunapendekeza wafasiri wa vibandani wahesabiwe miongoni mwa wadau wa sera ya Kiswahili na wapewe mafunzo, bila kulazimishwa kuacha lafudhi za mpakani. Kijana wa Koboko anayesema "sijaamua" anastahili kuisikia kauli hiyo ikichekesha kwa Kiswahili, bila kugeuzwa kuwa mahubiri.