Nairobi au Lamu: Namna ya Kupima Mapumziko Kabla ya Kuyalipia

Mtu akiniuliza aipeleke familia yake Nairobi au Lamu, simjibu mpaka anitajie tarehe. Nataka kujua anasafiri mwezi gani, na ikiwezekana nijue mwezi angani utakuwa wa siku ngapi. Nairobi na Lamu zote ni nzuri, lakini hazina uzuri uleule kila siku ya mwaka. Lamu ya Februari na Lamu ya Mei zimepishana kuliko zinavyopishana hoteli ya bei kubwa na nyumba ya wageni ya kawaida. Na Nairobi ya Januari, yenye anga ya buluu na jua lisilochoma, haifanani na ile ya Julai ambapo mawingu hulala juu ya mapaa mpaka adhuhuri na watu hawavui majaketi. Ndiyo maana naona ubishi wa jiji dhidi ya kisiwa huanza mahali pasipofaa. Kwanza soma kalenda, halafu pima mahali.

Nianze na kisiwa, kwa sababu ndiko fedha nyingi hupotea.

Kisiwa hupimwa kwa maji. Picha za matangazo zote zimepigwa maji yakiwa yamejaa na jua likiwa upande mzuri, na msafiri hufika akitarajia picha hiyo kuanzia asubuhi hadi jioni. Pwani yetu haiko hivyo. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takribani dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na huko Lamu tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 3. Nusu ya mwezi ikiwa angani, huwa maji mafu, bahari isiyokwenda mbali wala kurudi kwa nguvu.

Kuna jambo ambalo kila mvuvi wa mwambao huu analijua na wageni wachache sana huambiwa: saa za bamvua hazibadilikibadiliki. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo hugeuka, maji yakawa yamejaa saa nne asubuhi. Kwa hiyo mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anaweza kupanga likizo yake bila kumpigia mtu simu. Siku zinazozunguka tarehe 1 na 15 za mwezi ni za bamvua, na siku zinazozunguka tarehe 8 na 22 ni za maji mafu.

Faida yake ni hii. Mwenye watoto wanaotaka kuogelea baada ya kifungua kinywa na achague maji mafu. Maji yatakuwa karibu, yametulia, wakati ambao jua bado halijawa kali. Anayependa kutembea achague bamvua, kwa maana asubuhi ufukwe wa Shela hupanuka, mchanga uliolowa ukawa mgumu chini ya nyayo, na una kama kilomita 12 mbele yako ambazo unaweza kuzienda bila kukutana na zaidi ya watu wachache. Siku hizohizo usiogelee kwenye mkondo baina ya Lamu na kisiwa cha Manda maji yanapotoka, kwani yanakwenda kwa kasi na kasi hiyo haionekani juu. Na atakayepanga chumba chenye mandhari ya bahari pale mjini Lamu ajue kwamba saa nne ya bamvua mbele yake patakuwa na tope, na mashua zimelala ubavu. Mimi naipenda sura hiyo. Si kila mtu amelipia kuitazama.

Baada ya maji kuna pepo. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi, na huo ndio wakati wa bahari: maji safi, joto kali, na matumbawe ya Manda Toto yanaonekana vizuri kwa anayeogelea na miwani. Masika huja Aprili, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi, ambapo baadhi ya nyumba za wageni hufunga zikarabatiwe. Kisha kusi hushika mpaka Septemba. Bahari kuu huchafuka, maji hutibuka, na mchanga wa Shela hupeperuka ukikupiga miguuni. Hata hivyo kusi huleta hewa baridi inayofanya vichochoro vya mji vitembeleke hata mchana. Anayekwenda kwa ajili ya bahari na anayekwenda kwa ajili ya mji wasipewe ushauri mmoja.

Mji wenyewe unataka jicho. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na tangu hapo karibu kila nyumba ya kupangisha hujiita nyumba ya kale ya Waswahili. Nyingine ni za kweli, nyingine zimevishwa. Ukiingia, usitazame mlango kwanza, maana mlango wa nakshi hununuliwa na kupachikwa popote. Tazama juu. Dari ya kale hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake wa kawaida, chumba cha kale huwa chembamba na kirefu, karibu mita 2 na nusu kwa upana. Ukikuta ukumbi mpana unaoambiwa ni wa karne ya 18, uliza ni nini kinachoubeba. Kisha fuata mpangilio. Unatoka kwenye daka, unaingia kiwandani, yaani uani, penye mwanga, halafu vyumba vinafuatana, msana wa tini, msana wa yuu, mpaka ndani, na kila hatua inapungua mwanga na kuongezeka faragha. Zidaka za ukutani ziwe zimechongwa kwenye chokaa, kingo zake ziwe na ulegevu wa mkono wa mtu. Zilizonyooka kama zilizopigwa rula zimetoka kwenye kalibu ya saruji.

Hili la saruji si la urembo tu. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa lipu ya chokaa hupumua, yaani unyevu na chumvi hupata njia ya kutoka. Ukiufunika kwa saruji, chumvi hubaki ndani, na baada ya muda lipu huvimba na kubanduka kama magamba. Pitisha kiganja ukutani karibu na sakafu. Ukuta mzuri ni mkavu na wa baridi. Uliza pia kuhusu maji ya kuoga. Maji matamu ya Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo huchuja na kuhifadhi mvua, na mwenyeji anayelijua hilo atakueleza bila kuona haya kwamba siku fulani maji ni ya kipimo. Asiyelijua atakuahidi bwawa la kuogelea.

Chombo cha matembezi hukaguliwa kwenye maji kupwa, kikiwa nchi kavu. Angalia maungio ya mbao, kalafati iwe imejaa na haichomozi, na unuse mafuta ya sifa, kwani chombo kinachopakwa sifa kina mtu anayekitunza. Chungulia ngama: maji kidogo ni kawaida, maji mengi yenye uvundo ni uvivu. Zaidi ya hapo, mpime nahodha kwa swali moja. Mwambie unataka kwenda magofu ya Takwa kesho saa nne asubuhi. Mkono wa bahari unaofika Takwa hupitika maji yakiwa mengi tu, humo katikati ya mikoko. Kama kesho ni bamvua, nahodha wa kweli atakukatalia na kukupa saa nyingine, hata kama anaihitaji fedha yako leo.

Swali la namna hiyo nalitumia kila mahali, kisiwani na mjini. Muulize mwenyeji: ni siku gani nisije? Anayejibu kwamba kila siku ni nzuri hajui mali yake, au anajua na hataki ujue. Anayesema njoo baada ya Idi, au usije wiki ya Maulidi kama huvumilii msongamano, huyo mpe amana. Maulidi ya Lamu, yanayokusanya watu katika msikiti wa Riyadha kila Mfunguo Sita, ndiyo siku ninazoupenda mji ule kuliko zote, lakini vyumba hujaa mapema na usingizi ni mchache.

Sasa Nairobi, ambayo watu wa pwani huidharau kuwa ni mahali pa kazi na vikao. Jiji kuu hupimwa kwa miguu: kutoka unapolala, unafika wapi bila gari? Foleni ya Nairobi hula likizo asubuhi na jioni, na hakuna hoteli inayoweza kukulipa saa hizo. Chagua upande mmoja na uukae. Anayelala karibu na Museum Hill au Parklands ana Makumbusho ya Taifa kwa miguu na msitu wa Karura kwa safari fupi. Anayelala Lang'ata au Karen ana mbuga na kituo cha twiga. Anayetaka vyote kwa siku mbili ataikumbuka dashibodi ya teksi.

Makumbusho pekee yanatosha kuhalalisha safari. Humo mna mifupa ya kijana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka 1984, mifupa ya miaka kama milioni moja na nusu na zaidi, na ambayo imekamilika kuliko karibu yote ya umri wake. Simama nayo kwa utulivu, usipite. Katikati ya jiji, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, ghorofa ya chini ina mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, ambao una vitambaa, vito, silaha na sanamu kutoka pembe nyingi za Afrika. Ni mojawapo ya vyumba bora Afrika Mashariki, na wenyeji hupita mlangoni wakisubiri wenzao bila kuingia.

Msitu wa Karura una takribani hekta 1,000 za miti, mito na njia za baiskeli, na upo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walisimama mbele ya wanyakuzi wa ardhi mwishoni mwa miaka ya 1990 na wakapigwa kwa ajili hiyo. Jiji lenye kitu kama hicho lina haki ya kuitwa mahali pa mapumziko.

Mbuga ya Nairobi nayo inarudisha suala la tarehe. Ilianzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117, na upande wa kusini iko wazi kuelekea tambarare za Kitengela. Mvua ikinyesha vizuri, wanyama hutawanyika kwenda huko nje. Ukame ukija, hurudi kwenye mabwawa ya ndani. Kwa hiyo miezi ileile ya baridi na mawingu, Julai na Agosti, ambayo watu huikimbia, ni mizuri kwa mbuga. Uwe langoni saa kumi na mbili asubuhi. Kufikia saa tatu simba ameshalala.

Chakula cha jiji nacho kina mtihani wake. Nyama choma nzuri huichagui kwenye menyu. Unaichagua mbichi, ikipimwa kilo mbele yako, na hupakwa chumvi tu. Kariokor na Kenyatta Market bado wanajua. Ikikujia baada ya dakika kumi, ilikuwa imeshachomwa ya mtu mwingine na inapashwa moto. Mbuzi wa kweli anataka karibu saa nzima, na muda huo ndio likizo yenyewe: kachumbari mezani, mazungumzo, hakuna anayekimbia.

Kwa familia zinazofuata kalenda ya shule za Kenya, nachagua hivi. Aprili nazipeleka Nairobi, kwa sababu mvua itanyesha kote, na jiji lina mapaa mazuri ya kukaa chini yake: makumbusho, nyaraka, maktaba ya McMillan ya mwaka 1931. Agosti, siku tatu za mbuga na Karura halafu Lamu kwa ajili ya mji, na bahari ichukuliwe kama nyongeza. Desemba ni Lamu bila kusita, ila wiki ya Krismasi bei hupanda na vyumba vya Shela huisha mapema, basi tazama mwezi uone maji mafu yataangukia wapi kabla hujafunga tarehe. Na asiyefungwa na shule aende Februari, wiki ya nusu mwezi, maji yakijaa saa nne asubuhi na kaskazi ikivuma polepole. Apande ndege pale Wilson, au akitaka barabara afuate njia ya Malindi mpaka gati la Mokowe, baada ya kuulizia hali ya usalama ya siku hizo. Akimaliza kisiwani, arudi Nairobi akiwa na usiku mmoja wa ziada kabla ya kuendelea na safari nyingine, kwani ndege ya kutoka Lamu ikichelewa, usiku huo humwokolea tiketi.